Jumamosi ya Sanda

Mbwawa, Kibaha
3 Februari 2025

Mtani wangu Hussen,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima wa afya, Mama Biubwa ni mzima, na mikorosho nayo mizima, ingawa najua mikorosho ya Mzaramo hujipalilia yenyewe huku mwenyewe akiulizia ngoma iko wapi. Sisi huku hatujambo. Goti la kushoto linanisumbua, na ng'ombe wamenenepa kuliko mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu umenikatia mara nne. Barua hii nimempa dereva wa basi la kwenu, na barua haikatwi. Ukitaka kuichana, utaisoma kwanza.

Sasa sikiliza. Binti yangu Juliana anatengeneza filamu ya kuchekesha, na inatuhusu sisi. Ni kuhusu kipindi chetu cha "Jumamosi ya Watani", enzi zile televisheni ngeni nchini na kila kitu kikirushwa moja kwa moja, ukikosea umekosea mbele ya watu wote. Amekodi ukumbi pale Sofu na kuupaka rangi ufanane na ghala letu tulimokuwa tukiigizia. Nimemsimulia mvua ilivyokuwa ikipiga mabati tukageuka mabubu, tunaigiza kwa mikono mpaka ipite. Nimemsimulia siku mtambo ulipozimika bila sisi kuambiwa, tukacheza igizo zima, tukainama kuwashukuru watazamaji, kumbe aliyetuona ni fundi peke yake. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Anataka na ile Jumamosi ya msiba. Hataki vijana, anatutaka sisi wenyewe na mvi zetu hizi. Wewe ndiye marehemu na mimi ndiye mtani wa kukudai mazikoni. Kazi inaanza Juni, na nimeshamwambia unakuja.

Mtani wako,
Maige Kashindye


Maneromango, Kisarawe
19 Februari 2025

Mtani Maige,

Assalaam alaykum. Barua imefika, ina tope la barabara yetu na harufu ya maziwa mgando yako. Namshukuru Mungu tuko salama. Mama ana miaka tisini na moja na bado anachambua mchele mwenyewe. Sikumwambia barua imetoka kwa nani.

Umemwambiaje mtoto kwamba nakuja bila kuniuliza? Au umesahau ilivyokuwa? Basi wacha nikukumbushe.

Televisheni ilikuwa moja tu kijijini, ya Salumu wa dukani, ikitumia betri ya gari, antena juu ya mianzi miwili. Jioni ile sauti haikushika kabisa. Ilikuja picha tu, nayo chenga tupu. Watu waliojazana dukani wakaniona nimelala kwenye sanda. Mama akasema huenda ni mchezo. Hapo ndipo ulipoingia wewe, ukalizuia jeneza, ukalala chini ya miguu ya wachukuzi ukidai haki yako ya utani. Salumu akamwambia, "Bi Biubwa, mtani wake huyo hapo anadai. Watani hawadai kwa mtu aliye hai." Nani angebisha? Huku kwetu hiyo ndiyo hati ya kifo.

Jumapili asubuhi mimi na wewe tuko nje ya ghala tunakunywa supu, likasimama lori la mkaa. Wakashuka watu arobaini na mikeka yao, wamekuja kuchukua maiti. Mama alikuwa mbele. Alinishika mashavu yote mawili, akaniambia, "Nimekulilia mpaka sauti imekwisha, Hussen. Usiigize tena mpaka mimi niseme." Nikapanda lori lile lile nikarudi nao. Hajasema mpaka leo, nami sijamwuliza.

Ninayemlaumu ni Evance, mkuu wa kipindi. Kile kibao kilichoandikwa HILI NI IGIZO kilitakiwa kuoneshwa kwenye kamera kabla hatujaanza. Siku ile hakikuoneshwa. Salumu anajua kusoma; angekiona, Mama asingepata mateso yale.

Sitakudanganya kwamba sikumbuki raha ya pale. Mvua ikipiga bati, hujikuta nimesimama sebuleni nachezesha mikono, wajukuu wananishangaa. Nimelima mihogo miaka ishirini na tisa, na hakuna msimu nisiolikumbuka ghala lile. Lakini neno nililompa Mama sitalivunja kwa ajili ya filamu. Tafuta marehemu mwingine.

Mtani wako,
Hussen


Mbwawa, Kibaha
2 Machi 2025

Mtani,

Ramadhani njema kwako na kwa Mama. Mungu awape nguvu ya kufunga, maana Mzaramo na futari najua mnavyopendana.

Utani unaishia hapo. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Evance hakukosea. Kibao alinipa mimi, mkononi, akasema, "Maige, simama nacho mbele ya kamera, hesabu mpaka kumi." Mimi nikakisukumia chini ya kochi. Nilijua watu wa kwenu wangetazama, na nilitaka washtuke kidogo tu, kisha wacheke. Niliuona ni utani mzuri sana. Hata hilo la sauti kukosekana sikulijua. Lori lilipofika nilielewa papo hapo, nikanyamaza. Mwezi uliofuata Evance akanyang'anywa kipindi kwa kosa langu, nikanyamaza tena.

Lipo na lingine, nalo nalionea aibu zaidi. Nilikuwa nimetimiza miaka minane Dar es Salaam bila kurudi Usukumani. Ningekufa wiki ile ningezikwa na mpangaji wa chumba cha pili, kama angepata ruhusa kazini. Nikawaona watu arobaini wakishuka kwenye lori kwa ajili yako, wengine peku, na mama yako hana sauti. Nilikuonea wivu, Hussen. Nimesimama na bakuli la supu naonea wivu msiba.

Ndiyo maana siitoi siku ile kwenye filamu. Nataka kamera inioneshe nikikificha kibao, kila mtu ajue ni nani. Hilo nitalifanya, uje usije. Ila nataka uje. Na Mama lazima aambiwe. Mwambie wewe, au nitakuja kumwambia mimi na goti langu hili.

Mtani wako,
Maige


Mbwawa, Kibaha
6 Aprili 2025

Mtani,

Idi imepita na hukuandika. Natumaini mlisherehekea salama na Mama alipata pilau laini.

Juliana aliniletea marehemu kutoka Mlandizi, kijana mwenye sura nzuri. Kila nikimdai anacheka ndani ya sanda, tumbo linaruka. Nimemrudisha kwao. Mtu wa kulala kimya huku anatukanwa dakika ishirini moja kwa moja nilimjua mmoja tu.

Ukimya wako nimeuelewa, ninastahili. Lakini sikuandika ile barua ili nipumzike. Jumamosi tarehe 26 nakuja Maneromango kumwambia Mama Biubwa kwa mdomo wangu. Mkifunga mlango nitakaa uani mpaka mfungue. Wewe si lazima uwepo.

Mtani wako, kama bado,
Maige


Maneromango, Kisarawe
11 Mei 2025

Mtani Maige,

Assalaam alaykum. Sisi tuko salama. Natumaini ulifika nyumbani, maana nimesikia basi lilinasa mkikaribia Kisarawe na abiria mlishuka kulisukuma. Pole kwa goti.

Jumamosi ile nilikuwa shambani kwa makusudi. Nilikuona kwa mbali ukija na viatu mkononi. Sikutaka kukusalimu. Nilikuwa nimechukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, Maige, na ujue hivyo. Miaka yote hiyo nimemwapiza Evance asiye na kosa, na wewe ukiniletea salamu za sikukuu.

Mama ndiye aliyenisimulia. Anasema ulikaa chini sakafuni ukakataa kiti, ukasema yote, la kibao, la supu na la filamu, hukujitetea. Alikupa chai, akakuitikia "nimesikia," ukaondoka hujui umesamehewa au umefukuzwa. Hata mimi sikujua. Siku kumi na mbili hakulitaja. Juzi baada ya alasiri akaniita, ungo wa mchele mapajani.

"Yule Msukuma," akasema, "mama yake yuko hai?"

Nikamwambia alifariki zamani, nawe hukuwahi kufika mazikoni.

Akachambua mchele kidogo. "Hiyo filamu yao, marehemu awe yeye. Wewe uwe mtani wake, umdai mpaka akome."

Nikamwuliza, "Mama, unaniruhusu kuigiza?"

"Nimesemaje? Au umekuwa kiziwi?"

Nilitoka nje, Maige. Nilikwenda mpaka kwenye mikorosho nikalia kama mtoto, mtu mzima nina miaka sitini na nne. Leo ndipo nimeweza kukuandikia.

Kwa hiyo sikiliza, sasa ni zamu yangu kukupangia. Utalala kwenye sanda wewe. Nitakutukana dakika ishirini, na ukicheka nitaondoka. Kile kisa cha kibao mwambie Juliana akioneshe kabla ya msiba, wazi kabisa, kama ulivyotaka. Na Evance umtafute popote alipo. Mimi nimekusamehe la kwangu na Mama la kwake. La Evance mwombe mwenyewe.

Mama ameshazungumza na Salumu kuhusu lori la kutuleta huko. Anapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake akiwaambia watu kuna msiba wa Msukuma, wajiandae. Mpaka jana walikuwa watu hamsini na watatu, na wa mtaa wa misheni hawajahesabiwa. Mwambie Juliana ukumbi wake hautatosha, atafute uwanja.

Mwambie pia asimfundishe Mama maneno wala asimwoneshe pa kusimama. Nilimweleza kwamba siku hizi mtu akikosea hurudia hata mara kumi. Amekataa katakata. Anasema mwanawe hamlilii kwa majaribio: atakulilia mara moja, moja kwa moja, basi.

Mtani wako,
Hussen