Jina Nililogongea Chuma

Jumatatu, 23 Septemba 2002

Barua imefika! Tumekuwa chuo kikuu. Kikuu kishiriki, lakini nani anajali. Mkuu wetu, Mchungaji Melkizedeki, ameisoma mbele ya jiko, wapishi wakapiga vigelegele mpaka ugali ukaungua. Nami nilipiga. Kisha akasema ufunguzi ni Jumamosi tarehe 19 Oktoba, na siku hiyo walimu wote tutagonga chuma upya. Vigelegele vyangu vikaishia hapo.

Chuma ni kipande cha reli kutoka Manyoni, kinaning'inia nje ya ukumbi tangu tulipokuwa chuo kidogo cha ualimu. Mgeni yeyote, siku ya kwanza, anakigonga mara moja, anataja jina lake, la baba yake na kijiji chake. Wote tunamjibu, "Umefika!" Bila hivyo hupewi hata sahani. Mimi niligonga mwaka 1982, nilipokuja kusomea ualimu. Nikasema, Rebeka Hezekia, wa Kinalilya, Iramba. Wakanijibu, "Umefika!"

Aliyefika alikuwa Dina Mughwai. Jina hilo sijaliandika miaka ishirini na tano.

Jumatano, 25 Septemba 2002

Basi niandike yote. Ufunguo wa kabati la daftari hili nimeuvaa shingoni.

Mwaka 1976 nilifeli darasa la saba. Baba hakukubali. Alinipeleka Iramba kwa Mwalimu Yeremia, pamoja na mbuzi wawili. Shuleni kwake kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyetolewa akalee wadogo zake, mama yao alipofariki. Jina lake lilibaki kwenye rejista. Nikapewa hilo, nikafanya nalo mtihani, nikafaulu. Tulikuwa wengi! Watu walisema tunarudia, hakuna aliyesema tunaiba. Sura ya huyo msichana sikuwahi kuiona, wala sikuuliza.

Vyeti siviogopi, vyote vina jina hilohilo. Ninaogopa Wanyiramba, maana mimi ni Mnyaturu. Mchungaji hunitania kila siku: Mnyiramba gani wewe, hata salamu ya kwenu hujui? Mimi hucheka, nasema nililelewa Unyaturuni.

Ignas, mume wangu, anajua, mahari alipeleka kwa mzee Mughwai. Yeye anaona si kitu. "Nani atafukua?" anasema, huku anachovya ugali.

Ijumaa, 4 Oktoba 2002

Fomu za wanafunzi wapya wa digrii. Mimi ndiye msajili msaidizi, zote zinapita mikononi mwangu. Ya thelathini na moja: Eliana Laurenti. Kijiji: Kinalilya. Jina la mama: Rebeka Hezekia. Kazi ya mama: mkulima.

Nimeisoma mara nne. Nimeiweka chini kabisa ya faili, kama mtoto anayeficha kikombe alichovunja.

Atakuja. Mzazi gani ataacha kuja siku kama hiyo?

Jumatatu, 7 Oktoba 2002

Barua za kuwaita zimekwenda posta leo. Arobaini na saba. Wanafunzi ni arobaini na wanane. Moja imo mkobani mwangu. Barua hupotea, kila mtu anajua. Mwakani ataomba tena.



Jumanne, 8 Oktoba 2002

Nimeiposti. Nimetembea kwa miguu mpaka posta, juani, vumbi hadi kwenye meno. Nimeshachukua kitu kimoja katika nyumba ile. Cha pili siwezi.

Sasa naogopa kuliko jana.

Alhamisi, 17 Oktoba 2002

Wamekuja leo, siku mbili kabla! Mama mrefu, ndala za kuburuza, sanduku la bati kichwani. Binti nyuma yake na godoro. Wamesimama dirishani kwangu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Shikamoo! Kwangu! Naye ni wa umri wangu, labda kanizidi kidogo. Nilijikuta nimeitikia "Marahaba," na sasa hivi neno lile linaniwasha ulimi.

Akaniuliza aniite nani. Nikasema, Mama Anselm. Kweli, Anselm ni mwanangu. Nikachukua vyeti vya binti, nikaandika polepole ili nisiinue uso. Yeye akawa anazungumza tu, ana furaha mno. Akasema binti amechukua kichwa chake.

"Hata mimi ningesoma, Mama Anselm. Wadogo zangu walipopata nguvu nilirudi shule niingie la saba. Mwalimu akafungua rejista, akaniambia: wewe ulishafaulu, uko sekondari. Nikacheka. Nikajua ananitania. Kesho yake nikarudi tena, akanifukuza."

"Mama, hayo yameisha," Eliana akasema.

"Yameisha. Lakini mara nyingine namuwaza huyo Rebeka mwingine. Sijui alifika wapi."

Kalamu ilinianguka. Eliana ndiye aliyeiokota.

Nimemweleza Ignas. Safari hii hakusema nani atafukua. Alisukuma sahani.

Ijumaa, 18 Oktoba 2002

Nilikwenda kwa Mchungaji nimwombe jina langu liondolewe kwenye orodha ya kugonga, niseme naumwa. Hakunipa nafasi. Alikuwa juu ya ngazi, anapaka chuma mafuta. Akasema, Rebeka, wewe ndiye mtoto halisi wa chuo hiki, ukikosa wewe tumefungua nini?

Nimeona aibu mpaka miguuni.

Jumamosi, 19 Oktoba 2002

Naandika ofisini, mlango nimeufunga. Nimeagizwa kitabu cha usajili. Kipo hapa mezani. Sijakigusa.

Ukumbi ni hatua thelathini tu. Nasikia kila kitu. Tuko walimu ishirini na mmoja, mimi wa kumi na nne. Wazazi wamejaa uwanjani.

Wa kumi na moja. Chuma. "Umefika!"

Nikitoka nikasema Rebeka, namwibia mara ya pili, safari hii machoni pake. Nikisema Dina, sina kazi, sina cheti, na Mchungaji yule na mafuta yake —

Wa kumi na mbili. "Umefika!"

Mungu wangu.

Wa kumi na tatu. "Umefika!"

Kipaza sauti: Rebeka Hezekia, wa Kinalilya!



"Abee!"

Si mimi. Ni yeye! Huko katikati ya wazazi. "Nipo, baba!" Watu wanacheka. Mchungaji naye anacheka, anamwambia, samahani mama, namwita mwalimu wetu. Kicheko kinakatika. Yeye hana kipaza sauti lakini namsikia vizuri: "Mwalimu gani wa Kinalilya?"

Kisha Mchungaji anasema, bila kucheka sasa, yuko ofisini, amekwenda kuchukua kitabu.

Ndala. Zinapanda ngazi za veranda, zinaburuza, hazina haraka. Zimesimama nje ya mlango wangu.

Habishi hodi. Ananiita tu, polepole, kwa jina lake mwenyewe.