Baba, Nimechagua Bunduki

Baba mpendwa,

Miezi michache iliyopita nilichagua bunduki. Najua huko uliko umeshakunja uso, kwa hiyo nianze kwa kukutuliza: si yangu, na imefanywa isiweze kupiga tena. Ni ya Babu Nasor, mzee ninayemtunza hapa Dubai, na sasa imetundikwa ukutani nyumbani kwake Mirdif, karibu na mlango wa majlisi, sebule ya wageni. Lakini aliyeichagua ni mimi, binti yako niliyekuwa nikikimbilia nyuma ya ghala kila ulipoanza kuipangusa ile yako. Nimeona heri nikueleze mwenyewe.

Babu Nasor ni raia wa hapa ila alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha redioni ulichokuwa ukikipenda, chenye kila neno mahali pake. Macho yamemwishia. Mwenye nyumba ni bintiye, Madam Salma, naye ndiye aliyeniajiri. Kazi yangu ni kumpa mzee dawa, kumshika mkono hadi mlango wa msikiti na kumngojea nje, kumsomea habari, na kuzipangusa bunduki zake. Usishtuke. Ni za zamani, mitutu mirefu yenye pete za fedha. Huku wanaume hupanga mistari harusini wakacheza na bunduki, wanaizungusha, wanairusha juu na kuidaka. Babu alisifika kwa mchezo huo ujanani. Nilizizoea zile za ukutani kama nilivyozoea sahani za kabati, nikazifuta bila kufikiri.

Kisha akataka moja ya mwisho, ya kiaskari. Alisema ukuta wake umekomea kwa babu zake, naye anataka iwepo na ya zama zake mwenyewe kabla hajafa.

"Baba, khalas," Madam Salma akamwambia. "Zilizopo zatosha. Na utaichagua vipi, nawe huoni?"

"Atanitazamia huyu Cherop," akajibu. "Mtu wa bara hajui kusifu kitu kibovu."

Nilicheka siku hiyo. Sikujua nacheka nini.

Dereva alitupeleka kwenye duka moja lenye leseni, njia ya kwenda Jebel Ali. Muuzaji, mtu mpole mwenye glavu nyeupe, alitandika kitambaa mezani akalaza bunduki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, ndefu, ya jeshi la enzi za ukoloni. Ya pili, Baba, ilikuwa G3, kama ile yako. Kitako cha kijani, chuma cheusi, na mkono wa kukoki upande wa kushoto, pale pale palipokuwa pakikuchubua kidole. Ilikuwa safi kuliko yako. Yako ilikuwa na mkanda uliouunga kwa ngozi ya mbuzi, na ilinuka moshi wa jikoni. Hii ilinuka mafuta tu. Hata hivyo niliishika meza kwa mikono miwili.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" Babu akauliza. "Nambie unachokiona."

Nilichokiona ni wewe umesimama nje ya mlango wetu.

Unakumbuka serikali ilipokupa ile bunduki ulinde mifugo ya bondeni dhidi ya wezi. Ukawa askari wa akiba, na Mama akasema chuma hicho hakilali na watoto wake. Alikuwa na sababu. Jirani yetu aliegemeza yake nyuma ya mlango, risasi ikiwa ndani, na mkewe akaisogeza ili afagie, ikafyatuka. Ulirudi kutoka mazishini umeshakata shauri, hukusema na mtu.

Tangu hapo hukuvuka kizingiti na bunduki isiyokaguliwa. Ulisimama nje ukaelekeza mtutu mbinguni, ukachomoa kasha la risasi, ukavuta ule mkono wa kukoki na kuupachika juu, kisha ukaita, "Mama Cherop, tazama!" Mama alitoka na unga mikononi. Alichungulia, akatia kidole pale risasi inapokaa, akasema, "Nimeona. Ingia." Nyumbani tulisema lugha yetu, lakini bunduki mliisemesha Kiswahili, kwa kuwa ndiyo maneno uliyofundishwa kambini. Ulisema chuma hakijui lugha ya mama.

Jinsi nilivyotamani kulisema lile neno! Siku moja Mama alikwenda kusaga, mvua ikakukuta mlangoni. Nikakwambia nitachungulia mimi, kwani mimi sina macho? Ukakataa, na maji yanakutiririka puani. "Mtoto haoni kwa niaba ya nyumba," ukasema. "Ukikua." Ukabaki pale umelowa chapachapa mpaka Mama aliporudi akakucheka, nawe ukanuna, ukapiga chafya jioni nzima.

Serikali ilipozikusanya bunduki zao, ulirudi nyumbani hujui mikono uiweke wapi. Ulipofika mlangoni ukasimama, ukainua fimbo ya kuchungia. Mama alidhani unamtania. Akakutazama usoni, akaacha kucheka.

"Nimeona," akasema. "Ingia."

Mkaendelea hivyo miaka yote, kwanza kwa fimbo, baadaye kwa mkono mtupu. Wajukuu walidhani ni salamu ya wazee.

Ulipougua mimi nilikuwa huku. Nilikuwa nimetoka kazi ya kwanza, pasipoti iko ofisini inangojea visa mpya, nami nimejibana na wasichana wenzangu kwenye chumba cha pamoja kule Al Nahda. Nilikuzika kwa simu, nimekaa kitandani, picha inakatika kila mchungaji anapofungua mdomo. Nililia mpaka wenzangu wakanifunika shuka kama mtoto. Lakini kisichonitoka ni alichonieleza Mama baada ya matanga. Mchana ule walikutoa nje uote jua, naye akaenda kukutafutia dawa. Vijana wa shangazi wakakubeba na kiti chako wakurudishe ndani. Mlangoni ukainua mkono, ukangoja. Hawakujua unangoja nini. Wakakupitisha. Mama aliporudi ulikuwa umeshatutoka.

"Baba yako aliingia bila kuambiwa," ananiambia. Hulisema hilo kila nikipiga simu, hata tukianza na habari za mbuzi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipoishikilia ile meza ya duka, na mzee wa watu ananingoja nimwambie. Nikuambie kweli, Baba, nilitaka kumdanganya. Ilikuwa rahisi. Muuzaji hakujua Kiswahili. Ningesema ina kutu, ningesema kitako kimepasuka, ningeisifia ile ya mbao, tukarudi zetu nami nikalala usingizi wangu. Sikutaka kabisa kuamka kila siku nikaikute hiyo ukutani, wala kuigusa kwa kitambaa kila wiki kama sahani.

"Hii ya pili je?" Babu akauliza.

"Iko sawa, Babu."

"Sawa namna gani? Ina kutu?"

"Haina."

"Imevunjika pahala?"

"Ni nzima kabisa."

"Basi mbona sauti yako imekuwa ya msibani?"

Nikamwambia. Sikupanga, ilitoka tu, vipandevipande, mke wa jirani na mvua na fimbo na mkono wako ulioinuliwa. Muuzaji aliona machozi akarudi nyuma kidogo, akajifanya anapanga funguo. Babu alisikiliza mpaka nikakauka. Kisha akapapasa fimbo yake akasimama.

"Yalla, twende zetu," akasema. "Siwezi kukulaza nyumba moja na jambo kama hilo. Bunduki si kitu, mwanangu. Nimeshaishi bila ya hiyo."

Hapo ningeshukuru, si ndiyo? Badala yake nilikasirika. Unazijua hasira zangu, ulisema nimezirithi kwa mama yako. Niliona ule ukuta wote akilini, zile pete za fedha ninazozing'arisha mpaka najiona humo, na picha za wanaume wanaocheka bunduki zikiwa hewani. Na wewe uliyelowa mlangoni uko wapi?

"Babu, ukuta wako wote ni harusi," nikamwambia, tena kwa sauti ambayo mfanyakazi hamtolei mwajiri. "Nimeupangusa tangu nije. Hakuna hata moja inayosema bunduki ni kitu gani. Ichukue hii."

Alikaa tena, taratibu.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini ichukue. Ila haiingii nyumbani hivi hivi. Itaingia kwa desturi ya baba yangu."

"Inshallah," akasema. "Nifundishe hiyo desturi."

Vibali vilichukua muda wake. Siku ilipoletwa, Babu alinitaka nimsimamishe mlangoni, upande wa ndani, amevaa kanzu safi kama anayengojea wageni. Madam Salma alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni. Mimi nilibaki nje juani na ile bunduki. Nilikuwa sijawahi kuishika G3 maishani mwangu, hukuniruhusu, lakini nilikutazama mara nyingi kiasi kwamba mikono haikuuliza. Nikaelekeza mtutu juu. Nikavuta ule mkono wa kukoki, mgumu kuliko nilivyodhani, nikaupachika. Nikaita:

"Babu, tazama!"

Madam Salma akashtuka. Katika nyumba ile neno hilo hatumwambii mzee tangu macho yake yalipozimika. Nami nililisikia nikiwa nimeshalitoa, nikatamani ardhi inimeze. Lakini Babu alinyoosha tu mkono. Nikausogeza mpaka penyewe. Akatia kidole, akapapasa ndani polepole, pembe zote, kama mtu anayetafuta sindano mcheleni.

"Nimeona," akasema. "Ingia."

Nikaingia. Madam Salma alijifuta macho kwa ncha ya shela yake, akaenda jikoni mwenyewe kutuchemshia chai, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi hapa.

Imetundikwa chini ya zote, haina pete wala nakshi. Wageni wakiiuliza, Babu huwaambia hiyo si ya kuchezewa, wamuulize Cherop. Siku nyingine nawajibu, siku nyingine najifanya naitwa jikoni. Sitakudanganya kwamba imekuwa rahisi. Siku za kwanza nilipita majlisi nimegeuza uso, na bado naipangusa mwisho, baada ya zote. Nakukumbuka zaidi kuliko zamani, na kunauma zaidi. Lakini sasa nakukumbuka ukiwa umesimama wima, na hapo kabla nilikuwa nakuona kwenye kiti tu.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama nikamsimulia.

"Ilikuwa tupu?" akauliza.

"Tupu, Mama."

"Na huyo mzee alitia kidole, au alisema tu?"

"Alitia, mpaka ndani."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nilijua kinachofuata, yale maneno yake ya kila simu, nikajiandaa. Hakuyasema.

"Mimi nimezeeka, Cherop," akasema. "Nimekaa na lile neno, nikienda kaburini kulisema linanishinda, nalia tu. Wewe umekua. Mwambie baba yako."

Ndiyo maana ya barua hii, Baba. Naiandika nimekaa kizingitini, mlango wazi, Babu Nasor amesinzia kwenye kiti chake nyuma yangu. Nimetazama kama ulivyonifundisha bila kujua unanifundisha. Nimeangalia ule mkono wako uliouinua mchana ule wakakupitisha hujajibiwa. Mtupu. Hukuja na kitu cha kutudhuru, hukuwahi kuja nacho.

Shusha mkono, Baba. Nimeona. Ingia.

Binti yako aliyekua,
Cherop