Ncha Nene ya Mwanzi

Bukavu, Kadutu
Jumapili, baada ya misa

Yaya Eulalie, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, wewe na watoto, na kwamba goti la mama limekubali dawa za pale Katana. Sisi huku tunapumua. Francine wangu anakusalimu. Mimi nimechoka tu, uchovu ambao hata kulala hakuutoi.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli mume wako alikuwa amelewa siku boti ya klabu ilipopinduka, ukaapa kwamba kama ni kweli hutamfungulia mlango tena. Nilikujibu kwamba mimi ni fundi cherehani, mambo ya majini siyajui. Nilikudanganya.

Tanga la mashindano, yaya, limekatwa pana huko juu, maana juu ndiko upepo ulipo. Kitambaa peke yake hakisimami huko. Kinajikunja kama kola isiyopigwa pasi. Ndiyo maana tunashona mifuko mirefu na kuingiza fito humo. Ufito wa juu ndio wenye kazi kuliko yote. Upande wa mlingoti unatakiwa kuwa laini, uweze kupindika. Upande wa nyuma uwe mgumu, ili tanga liachie upepo.

Ule wa juu ulivunjika wiki moja kabla ya mashindano ya kwenda Idjwi. Wa kununua haukupatikana, basi Papa Stanislas, prezida wa klabu, akaniomba nichonge mmoja wa mwanzi. Nilichonga siku mbili, na kusema kweli nilijisikia mtu mkubwa, wapita njia wakisimama kuangalia.

Unakumbuka marehemu papa alivyotufundisha kujenga ua: ncha nene ya mwanzi iende kwenye nguzo. Mkono wangu ulifanya vilevile. Ncha nene, ile ngumu, niliiweka kwenye mlingoti.

Asubuhi ya mashindano mume wako Jean-de-Dieu alilipapasa tanga kabla ya kulipandisha, akaniambia taratibu kwamba, beau-frère, shemeji yangu, huu muti wa juu iko kama umegeuka. Nilimjibu mbele ya watu kwamba ashike usukani wake, sindano aniachie mimi. Akalipandisha.

Katikati ya ziwa upepo uliwashukia ghafla. Tanga lilijikunja kwa nyuma huko juu, likaushika upepo na kukataa kuuachia. Boti ikalala, mlingoti ukavunjika. Mungu alisaidia, wavuvi wakawaokoa wote. Lakini Jean-de-Dieu alikuwa ameonekana harusini jana yake, basi watu wakasema ni pombe, na Papa Stanislas akamfukuza kazi hapohapo. Mimi nilikuwepo, tanga limelowa miguuni pangu, na niliona ncha nene iko wapi. Nikalikunja tanga, nikaenda nyumbani.

Juzi alipita hapa akirudi Kalehe, anakopakia mchanga siku hizi. Nilimuuliza kwa nini hakusema, maana yeye aligundua kabla yangu. Akajibu kwamba mtu hamwaibishi ndugu ya mke wake mbele ya watu. Halafu akasema alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Miezi minne, yaya, akinywa aibu yangu na kunisalimu vizuri.

Jana nilimweleza Papa Stanislas yote. Hakunigombeza. Alikusanya matanga yake yote, hata lile nililokuwa nimelianza, akasema Jean-de-Dieu arudi kwenye usukani wiki ijayo. Sina la kulalamika.

Niombee msamaha kwa mama, mimi nimeshindwa kumpigia. Wabusu watoto. Jean-de-Dieu anashuka Katana Ijumaa na motaboti, na anajua umeapa nini, kwa hiyo nadhani atasimama nje bila kubisha hodi. Mfungulie.

Mdogo wako,
Cirhuza