Kuku wa Madoadoa Hana Hatia

Mshauri wetu, nakusalimu kutoka Sironga na nakuomba usinicheke kabla ya kumaliza kusoma, maana nimemsingizia kuku na sasa atachinjwa. Mwanangu Momanyi ana mwaka mmoja na miezi saba, na tangu nilipomwachisha ziwa alikuwa akila uji na ndizi za kupika tu, hadi nywele zikawa nyekundu na miguu ikaanza kuvimba, nikampeleka kliniki Nyamira, na muuguzi Akong'o akaniambia, “Mama, tumbo limejaa lakini mwili una njaa, huyu anataka protini, mpe yai,” akatuchorea ubaoni uzi wa shanga uliokunjwakunjwa, akasema protini hufanya kazi kwa umbo lake na moto huliharibu umbo hilo. Basi nikaogopa moto, nikawa kila asubuhi navunja yai bichi ndani ya kikombe cha uji wa wimbi, kwa siri, kwa sababu mama mkwe wangu, Bosibori, alinionya tangu nilipoolewa kwamba katika boma hili mwanamke hali yai, na mtoto akila hatajua kusema. Maganda nayazika kwenye migomba. Juzi mama mkwe alikuta kiota kitupu, akaniuliza, “Mong'ina, mayai yameota miguu?” nami kwa woga nikasema, “Mama, labda yule kuku wa madoadoa anayala mwenyewe,” akasema, “Aa! Huyo dawa yake ni kisu,” na sasa atamchinja mwisho wa mwezi, shemeji yangu akija kutoka Kericho. Ndiye kuku wetu wa pekee anayetaga, na miguu ya Momanyi ndiyo kwanza imenywea. Halafu jana mtoto alimwona kuku huyo, akamnyooshea kidole na kupiga kelele, “Nipe!” nikamziba mdomo. Nifanye nini?

Mong'ina, Sironga, Julai 1973

Mong'ina,

Kumpeleka mtoto kliniki ulifanya vyema. Kumsingizia kuku ulifanya vibaya. Nimeandika habari za mahakama miaka kumi na minne na sijaona hukumu ya kisu iliyosimama juu ya neno “labda”.

Kwanza, acha yai bichi leo. Akong'o alisema kweli, ila wewe uliondoka na nusu ya somo. Protini ni shanga za aina ishirini hivi, zilizotungwa na kukunjwa, kila protini kwa namna yake. Ukichemsha yai, mikunjo hufumuka na nyuzi hushikana, ndiyo maana ute huwa mweupe, mgumu, na haurudi tena. Lakini umbo lililoharibika ni la kuku, na Momanyi halihitaji. Tumbo lake lingezikata nyuzi hizo hata hivyo, kisha mwili uzitunge shanga upya: msuli, nywele, kile kinachobeba hewa ndani ya damu, na ile protini inayozuia maji ya damu yasivujie miguuni. Moto unalipunguzia tumbo kazi, na unaua vijidudu. Chemsha mpaka kiini kigande.

Tena, yai si mlango wa pekee. Maharagwe yana shanga ambazo wimbi umepungukiwa nazo. Yaponde, mpe pamoja na uji. Na umrudishe kliniki apimwe, usijifanye daktari.

Sasa Bosibori. Usimngoje shemeji afike. Nenda kwake mchana, umebeba mtoto, useme, “Mama, kuku hana kosa. Mayai nilimpa Momanyi.” Atafoka, na ana haki, umemdanganya. Usimjibu, wala usimfundishe habari za shanga. Mama aliyelea watoto hapendi kuanza na ubao. Mwonyeshe miguu. Abonyeze mwenyewe kwa kidole, aone kama bado panabaki shimo kama siku zile za uvimbe.

Akisema mtoto mla mayai hatajua kusema, usibishane. Mweke Momanyi chini, ngoja kuku apite, na safari hii usimzibe mdomo.