Mama Yako Amesimama Majini, Wewe Unachagua Kisiwa

L'Esterre,
Carriacou,
Grenada.

9 Februari 2012

Mpendwa mpwa wangu Lyndon,

Pokea salamu kutoka kwa mjomba wako Canute, ambaye jana asubuhi, katika umri huu ambao wenzake wanatembezwa kwa kushikwa kiwiko, alizama pima tano mbele ya Sandy Island kwa pumzi moja tu, akatoka na kambakochi mkubwa kama paka, kwa mkono mtupu, na watu wote wa ufukweni wakapiga makofi.

Basi, huo ni uongo. Kambakochi nilimwona mezani kwa Cosnel fundi, tena kichwa tu, kwingine kote kulikuwa kumeshaliwa. Mimi sijatia kichwa majini miaka mingi, na sababu unaijua, nitakukumbusha mbele. Yaliyobaki ni kweli: mjomba ni mimi, na salamu ni zako.

Je, hujambo huko Huddersfield? Gillian hajambo? Watoto wanakua kwenda juu au kwenda pembeni? Baridi imeshakula masikio yako au yamebaki? Nauliza habari ya masikio kwa sababu leo nina maneno. Mimi goti la kushoto linauma mvua ikikaribia na la kulia linauma ikishapita, kwa hiyo habari zote za hewa nazipata bila redio. Mkaza mjomba wako Eldica ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mbuzi nao wazima. Haya, salamu zimekwisha, vuta kiti ukae.

Barua yako imefika. Nimeisoma kwa miwani ya Eldica, tena kwa sauti, maana nikisoma kimya nasinzia. Nairudia hapa kwa ufupi usije ukakana. Wewe na Gillian mmepata likizo ya Pasaka. Mnatafuta kisiwa cha huku kwetu Karibi chenye maji maangavu, mvae miwani ya maji, mtie mrija mdomoni, mwelee kifudifudi kama ndizi zilizodondoka melini, mkitazama samaki. Visiwa ni vingi, mmeshindwa kuchagua, kwa hiyo unaniuliza mimi mzee wa bahari niwachagulie. Na chini ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo kama mtu anayenyata kutoka jikoni, umeongeza kwamba Carriacou mmeiweka kando kwa sababu "kuna ndugu wengi mno, hatutapumzika."

Nilipofika hapo Eldica akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anauliza aende kisiwa gani kutazama samaki."

"Samaki wa Uingereza wamekufa?"

"Anataka wa rangi rangi."

"Mwambie aje nimpake yeye."

Lakini umeuliza, na mimi si mtu wa kunyima jibu. Visiwa hivyo ulivyoviandika vyote nimevijua nilipokuwa baharia wa merikebu za mizigo, wewe hujajua kujifuta kamasi.

Bonaire nilikwenda kupakia chumvi. Kuna chumvi, kuna punda, na kuna upepo unaotoka kwenye chumvi kwenda kwa punda. Samaki wapo, ndiyo, lakini wamezoea mno kutazamwa, wanageuza shingo kama bibi harusi. Barbados watu wake wastaarabu sana. Nilimwambia mtu habari za asubuhi pale bandarini, akaniuliza tumetambulishwa na nani. Utapapenda, mmefanana. Tobago bahari yake ni nzuri kupita maelezo, ila palikuwa na mwanamke aliyenikimbiza na mwiko mpaka gatini, kwa hiyo siwezi kuisifia Eldica akiwa karibu. Antigua watakuambia wana ufukwe mmoja kwa kila siku ya mwaka. Wewe una likizo ya Pasaka. Fukwe nyingine utazifunga kwenye begi?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kukujibu, nikutukane kidogo, nikuage, nikalale. Kisha nikageuza ukurasa wa pili.

Umeandika hapo, kama mtu anayetaja bei ya viazi, kwamba tangu Krismasi mama yako anakujia ndotoni. Amesimama baharini, maji yamemfika magotini, ameinama anatazama chini, na anakuonyesha kitu kwa kidole. Na Gillian akasema ndoto hiyo maana yake mama anataka mwende mkafurahi baharini. Ndipo mkapata wazo la miwani na mrija.

Eldica alikuwa anamenya ndizi mbichi. Akaweka kisu chini.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Mungu wangu! Anaombwa jiwe, yeye anakwenda kununua mrija!"

Lyndon. Gillian simlaumu hata chembe, kwao mtu akifa anakaa kimya. Lakini wewe umezaliwa L'Esterre hii hii, katika chumba ambamo sasa nafuga kuku. Kuna mtoto gani wa Carriacou asiyejua kwamba maiti wa kwenu akikujia usingizini hakuletei ushauri wa likizo? Anadai. Anadai chakula chake, anadai ngoma yake, anadai jiwe lake la kaburi. Ukiwa mdogo ulimwona bibi yako akiamka na ndoto ya namna hiyo, na kabla ya chai mbuzi alikuwa ameshafungwa. Wewe umeamka ukafungua picha za Bonaire.

Tena, mama yako afurahi baharini? Phemie? Dada yangu alikuwa akinunua samaki ufukweni kwa kupiga kelele kutoka mchangani, "Sogeza mashua, mimi sitii mguu huko!" Wavuvi wakawa wanamcheka, na wakasogeza. Maisha yake yote maji yalimfika kwenye vifundo, basi, tena siku ya ubatizo. Sasa unamwona amesimama mpaka magotini na hushtuki? Kichwa hicho umekijaza nini?

Sasa nikueleze jambo ambalo Eldica alinikataza kukuandikia, ati nisikutie hofu ukiwa mbali. Mwezi wa Desemba bahari ilivimba vibaya. Si kimbunga, ni yale mawimbi marefu yanayotoka kaskazini kimya kimya. Yaliingia makaburini. Mnazi wa pembeni umekwenda, na kaburi la mzee Bethel limekwenda lote na mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa hapendi kusafiri. Kwa mama yako bahari imekula upande wa miguuni. Maji yakijaa, yanafika pale. Na yale makombe ya lambi, wale konokono wakubwa wa baharini, uliyoyapanga wewe mwenyewe siku tulipomzika, makubwa, yenye mdomo wa waridi, uliyoyazungushia kaburi zima ukilia kamasi mpaka kwenye tai, yote yamezolewa. Yako chini ya maji hapo mbele. Jua likiwa utosini, ukisimama kwenye mwamba, unaona kitu cheupe, kisha wimbi linapita, huoni.

Kwa hiyo ninyi hamkujua, na hakuna aliyewaambia, na bado umemwona ameinama anaonyesha kwa kidole. Mimi nikamwambia Eldica, anatafuta makombe yake. Eldica akarudi kwenye ndizi zake.

Na jiwe lipo. Wewe ndiye uliyeagiza Cosnel alitengeneze, zege safi, jina limechongwa vizuri, hata herufi zimekaa sawa. Mwaka ule ulisema utakuja tulisimamishe, mtoto akawa na mitihani. Mwaka uliofuata mlikuwa mnajenga jiko jipya. Kisha ukaacha kutoa sababu, na mimi nikaacha kuuliza, kwa kuwa nina haya kidogo, ingawa watu hawaamini. Limelala barazani kwangu limefunikwa shuka. Kuku mmoja mwekundu ameamua hapo ndipo pa kutagia. Kila asubuhi naokota yai juu ya jina la mama yako. Eldica anamtisha kwa fagio, anarudi. Nakuambia hivi ili ukinywa chai huko kwenye jiko lako jipya uwe na kitu cha kutazama akilini.

Cosnel amekwenda kupima. Anasema tukimwaga msingi wa zege na kusimamisha jiwe sasa, upande ule utashika udongo. Tukisubiri mawimbi ya Desemba nyingine, hatutakuwa na mahali pa kuliweka. Nilimuuliza, "Huwezi kunidanganya kidogo, nikapata usingizi?" Akasema, "Mzee Canute, kudanganya ni kazi yako, mimi ni fundi zege."

Basi nimeamua, na siombi ruhusa. Karamu ya jiwe itakuwa wiki ya Pasaka. Usiku tutamwandalia mezani chakula chake na cha wazee wote, wali uliofinyangwa, ugali wa mahindi, nyama isiyo na chumvi, mlango tunafunga, hagusi mtu mpaka kuche. Asubuhi jiwe linabebwa kwenda kaburini na ramu inamwagwa chini, sehemu yao kwao, sehemu yangu kwangu. Ngoma imeshazungumzwa. Kondoo wawili wameshaanza kunitazama kwa wasiwasi.

Wa kuvuta shuka juu ya jiwe ni mtoto wa marehemu. Hilo ndilo tulilokuwa tunakusubiria, si nauli yako wala zawadi za kopo. Usipokuja nimeshampata wa kusimama mahali pako. Ni Reuel. Ndiyo, huyo huyo Reuel wa Maude uliyepigana naye kwa ajili ya baiskeli. Amekubali haraka sana, mpaka imenichukiza. Amesema, "Kwani Mama Phemie hakuniita mwanangu mimi pia?" Ameshanunua shati jeupe. Atavuta shuka ya mama yako mbele ya kijiji kizima, na atalia, najua atalia, ana kipaji hicho. Kisha atazungumza. Fikiri juu ya jambo hilo ukiwa unaelea.

Kuhusu ndugu wengi mno, ni kweli, tupo wengi. Wengine siwapendi hata mimi. Lakini mmoja wetu, yule anayekuja usiku na maji magotini, inaonekana ameshawafuata Huddersfield. Hutapumzika Bonaire wala Barbados. Anajua njia.

Na hapa pana jambo linaloniuma, nitalisema mara moja tu. Mimi hanijii. Mimi niliyemchimbia, niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, ninayeokota mayai juu ya jina lake. Usiku nalala mapema makusudi, nageukia ukuta, nasubiri. Naota mbuzi. Yeye anaondoka hapa L'Esterre, anavuka bahari yote anayoiogopa, anakwenda kwenye baridi kumtafuta mtu anayechagua mrija. Sikuombei mabaya, Lyndon, lakini kuna usiku nilikaribia.

Haya, ulitaka ushauri, huu hapa bila masihara. Kisiwa ni hiki. Ng'ambo tu ya mlango wangu, Sandy Island, maji ni kama hakuna maji. Unatia kichwa tu, huna haja ya kupiga hata mguu. Kuna matumbawe kama pembe za kulungu, kuna kasuku wa baharini wanatafuna mawe mpaka unawasikia, kuna taa anayelala mchangani akidhani hajaonekana, kama wewe kwenye barua zako. Gillian ataelea kutwa na hakuna ndugu atakayemfuata huko, kwa sababu sisi sote tutakuwa nchi kavu tunapika. Watoto waje wajue ngoma. Baada ya hapo, nendeni hata mwezini.

Mkaza mjomba wako Eldica anakusalimu na anasema mkono wake bado una nguvu. Cosnel anakusalimu. Hata Maude anakusalimu, na Reuel anakusalimu sana, kwa sauti tamu ambayo sikuipenda. Msalimie Gillian, mwambie maneno makali si yake. Wabusu watoto. Mungu awafunike huko baridini, awaondolee uzito wa miguu, na awafikishe kabla shuka haijavutwa.

Ni mimi mjomba wako, ambaye angekuwa hakupendi asingepoteza karatasi zote hizi,

Canute Quashie

Jambo dogo. Usijifanye umesahau nani aliyeiba miwani yangu ya kuzamia akajitia mzamiaji mbele ya wasichana, ikamtoka gatini ikazama. Uliniahidi nyingine, ukiwa umelowa na umepiga magoti. Sasa niletee. Kioo cheupe, raba nyeusi, ukanda wa kichwa kikubwa. Mrija baki nao wewe. Makombe ya mama yako hayako mbali, pima mbili hazifiki. Utaelea juu unionyeshe kwa kidole, mimi nitashuka.