Gasketi ya Shemeji

Shoga, acha unachofanya usome hii. Shemeji, mume wa dada, amekata kandambili ya mama! Ya mama mkwe wake! Mpya!

Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Dada akasema aitwe fundi, bwana akang'aka, "Fundi wa nini na mwanaume nipo?" Akaona kandambili mlangoni, akachukua kisu, akakata duara kwenye soli. Hakuuliza hata ni ya nani!

Mama akatoka kutafuta kiatu chake. Unadhani aliomba radhi? Akaanza somo! "Mama, gasketi ni kitu laini, kinakaa katikati ya vyuma viwili, kinabanwa, maji yanakosa pa kutokea." Kisu bado kiko mkononi!

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa upole wake ule unaoujua: "Kumbe ndicho kinachokosekana mdomoni mwako, baba."

MDOMONI MWAKO! Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Na pampu imepona kweli, haidondoshi hata tone. Ila mama ameondoka na viatu vya shemeji vya kazini, vile vyeusi vya ngozi. Vinampwaya, lakini anatembea kwa maringo, hageuki. Shemeji yuko getini miguu peku, anaita, "Mama, kesho naingia kazini!"