Bitana za Gari la Harusi

Jumatatu, 5 Julai 1954

Malori mawili ya mgodi leo asubuhi. La kwanza springi. La pili breki, kama kawaida. Dereva anakanyaga mteremko mzima kama anaua nyoka, halafu anashangaa breki zimekwisha. Nimemwambia tena. Hasikii.

Saa saba akaja Joas na lile gari lake la mbio, la viti viwili. Baba yake ana duka na lori la buni kule Kanoni, basi mtoto amenunuliwa kitu cha kuchezea. Huyu ndiye anayemwoa dada yangu Elizabeti, Jumamosi ya tarehe 17. Ameleta bitana mpya kutoka Nairobi, zimefungwa kwenye karatasi ya nta. Bitana ni ule ukanda unaopigiliwa juu ya kiatu cha breki ili ushike ngoma ya gurudumu. Hizi ni ngumu kama jiwe, zina nyuzi za shaba ndani. Za mashindano. Anataka nizifunge magurudumu yote manne.

Kwa nini? Kwa sababu siku ileile ya harusi, saa tisa, Wazungu wa mgodi wanashindanisha magari kwenye kiwanja cha ndege. Atatoka kanisani na bibi harusi wake, moja kwa moja hadi kiwanjani, amshushe, ashindane. Watu waone. Siku ya harusi yake!

Nikakaza bolti mpaka ikakatika.

Naandika Kiswahili, cha jeshini. Hasira ya Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, hunitoka mdomoni. Hii inakaa daftarini.

Jumanne, 6 Julai

Nimezifunga. Alfajiri, ukungu bado umelala, nikashuka nazo mteremko wa kanisa letu hapa Kimuli. Penye jiwe jeupe nikakanyaga. Gari likaendelea kana kwamba sijafanya lolote. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Lilisimama hatua arobaini na moja kutoka kwenye jiwe. Nimezihesabu mara mbili.

Kutoka kwenye jiwe hadi ukingo wa kona ni hatua thelathini. Nimepona kwa sababu nilipanda tutani. Chini ya kona ni mafunjo na maji.

Nikarudi gereji, nikakata ukanda wa mwisho wa bitana za lori, zile laini za pamba iliyofumwa. Nikazipigilia kwenye viatu vya akiba, nikavifunga, nikarudi kilimani. Baridi ileile, jiwe lilelile. Hatua ishirini na mbili.

Kwa hiyo jambo ni dogo tu, hata mtoto ataelewa. Ngumu zinataka moto. Zikiwa baridi ni mbao. Gari litakaa nje ya kanisa saa mbili nzima, asubuhi ya Julai, halafu litateremka na dada yangu ndani.

Nilimwambia. Akacheka. Akasema, "Fundi, wewe umezoea malori." Mshenzi.

Alhamisi, 8 Julai

Leo amenipeleka kiwanja cha ndege nione kwa macho yangu. Akazunguka na zile zangu laini. Mizunguko miwili, sawa. Wa tatu, harufu. Wa nne, moshi mweupe kwenye magurudumu. Wa tano, pedeli ikagusa sakafu na gari likaingia majanini, karibu na wale Wazungu wanaopiga mapipa rangi. Mmoja aliruka na brashi yake mkononi.

Akashuka anafuta vumbi kwenye suruali. Anajifanya hakuogopa.

Kinachoniuma ni kwamba na yeye ana haki. Laini zitamuua kiwanjani saa tisa. Ngumu zitawaua wote wawili kilimani saa tano. Gari moja, siku moja. Ningemwambia aache mashindano, lakini nani amwambie Joas aache kitu? Wala kuendesha polepole mbele za watu hajui.

Nimemchukia leo kuliko Jumatatu.

Ijumaa, 9 Julai

Baba ameniita. Kumbe kijana ameshafika nyumbani kunisemea. Baba anasema mkwe hagombezwi kabla ya harusi. Anasema nisije nikawa kaka aliyeharibu. Nikamweleza habari ya hatua arobaini na moja. Akauliza kama nimekosa imani.

Nikasema basi Elizabeti apande lori la mkwe wake. Shangazi Kokugonza, aliyekuja kutoka Bugomora kumwandaa bibi harusi, akapiga kelele kana kwamba nimetukana. Bibi harusi juu ya magunia ya buni!

Nimekula peke yangu.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya ibada Elizabeti alinifuata nyuma ya kanisa. Nilidhani naye kaja kunisuta. Aliniuliza swali moja tu: je, gari likiwa la kwangu, ningefunga zipi? Nikamwambia ningefunga laini asubuhi, mchana nizitoe nifunge ngumu. Kazi ya saa moja na nusu nikiwa na jeki mbili.

Akasema, "Basi kaka, fanya hivyo." Kama vile gari ni langu.

Halafu akasema kiwanjani hataki kwenda. Anataka kukaa ndani na shela yake kama maharusi wengine, wanawake wamwimbie. Hajamwambia Joas. Alinitaka niahidi kwamba nitakaa benchi la mbele, maana baba haoni vizuri na yeye anataka kumwona mtu wake pale. Nikaahidi.

Jumatano, 14 Julai

Joas amekubali. Baada ya kelele za saa nzima. Laini kanisani, ngumu kiwanjani, na kazi ya kubadilisha nitaifanya nyuma ya kibanda cha kiwanja, asionekane na gari juu ya jeki, amevaa suti ya harusi. Masharti yake! Mimi ndiye nitakayelala chini ya gari na nguo za harusi, yeye anaogopa kuonekana.

Ijumaa atalileta gari nyumbani kwetu, kisha arudi Kanoni. Bwana harusi haji tena kwa wakwe mpaka kanisani. Afadhali.

Ijumaa, 16 Julai

Nimelia leo. Mtu mzima.

Nilifungua magurudumu uani. Viatu vyenye bitana laini nilikuwa nimevisafisha kwa petroli, nikavipanga vyote vinane juu ya majani mabichi ya mgomba, kivulini, visiguse vumbi. Nikaenda mtoni kunawa na kuchota maji ya kuoshea gari. Sikukawia.

Ndani, Shangazi Kokugonza alikuwa anampaka bibi harusi samli, mabegani na mikononi, kama alivyopakwa yeye na mama yake. Akatoka nje na kibuyu. Akaona vitu vipya vimepangwa juu ya majani ya mgomba, vizuri, kama vitu vya heshima. Akauliza hivi ni nini. Wakamwambia ni vya gari litakalombeba Elizabeti.

Akavipaka samli. Vyote vinane. Kila kimoja kwa kiganja, taratibu, na maneno ya baraka juu yake.

Nilipofika alikuwa anafuta vidole kwenye nyasi, uso umejaa furaha. Nikasema shikamoo. Akaniambia, "Mwanangu, sasa havitawaangusha."

Pamba iliyofumwa inanywa samli kama utambi. Nimevifua kwa petroli, nimeviweka juu ya makaa. Vinatoa moshi wa jikoni na mafuta yanazidi kuchomoza. Nikivifunga hivyo gari halitasimama kabisa. Nimekimbilia mgodini kutafuta ukanda mwingine: stoo imefungwa, mwenye funguo yuko Bukoba mpaka Jumatatu.

Nimefunga zile ngumu. Hakuna nyingine.

Nina hasira na Joas, na baba, na samli, na mimi mwenyewe niliyetandika majani ya mgomba kama natenga chakula cha wageni. Kwa shangazi siwezi kukasirika. Najaribu, nashindwa.

Jumamosi, 17 Julai

Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Nilileta gari kanisani, Joas akaja na lori la baba yake. Nikamvuta pembeni nikamwambia zilizofungwa ni ngumu. Akafurahi! Akanipigapiga bega. Nikamwambia ashuke kwa gia ya kwanza. Akasema ndiyo huku anaangalia tai yake kwenye kioo.

Walipoingia ndani nikabaki mlangoni. Nikaona benchi la mbele, baba yuko peke yake. Elizabeti akageuza shingo mara moja. Nikatoka.

Niliwasha gari. Nikateremka kilima kwa gia, mguu wa kushoto juu ya breki, wa kulia juu ya mafuta, ngoma zisuguane mpaka zipate moto. Nikageuza pale chini kwenye mafunjo, nikapanda. Nikateremka tena. Bitana zikikaa kidogo tu zinapoa, na mchungaji wetu hakuna anayejua atamaliza lini. Alianza na Ibrahimu. Nilipanda na kushuka mara kumi na nne. Nikifika juu nasikia wimbo, nikifika chini sisikii kitu. Ile ya "je, wakubali" sikuisikia. Nilikuwa chini.

Mara tatu nilijaribu penye jiwe jeupe. Hatua kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na nane.

Walipotoka gari lilikuwa mlangoni, linanuka. Nikasimama mbali. Wakapanda. Elizabeti hakunitazama. Joas akashuka kilima kama nilivyojua atashuka, kwa mbio, honi juu, watu wanashangilia. Akakanyaga palepale penye jiwe. Gari likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Likakata kona. Likaenda zake.

Nikakaa kwenye nyasi.

Jumapili, 18 Julai

Joas alikuwa wa pili kiwanjani. Bibi harusi alikaa kwenye kiti karibu na mapipa, juani, na shela yake, mpaka saa kumi na moja.

Joas amepita leo kuwasalimu wazee. Mbele ya baba, mbele ya wote, akasema: "Mmeona? Nilimwambia fundi. Bitana hizi zinashika hata asubuhi ya baridi. Sibadilishi tena." Baba akatikisa kichwa, akanitazama kwa huruma, mimi! Na juu ya hayo akauliza kwa nini sikuingia kanisani, siku moja tu ya dada yangu.

Nikaeleza. Nikamweleza Joas neno kwa neno, mizunguko yote kumi na nne. Akacheka, akasema shemeji anatafuta sababu. Nikatoka nje kabla sijampiga. Nilikuwa karibu sana.

Atashuka kilima asubuhi nyingine. Sitakuwepo kumpashia moto.

Jumatano, 21 Julai

Malori. Ukanda mpya umekuja, mwenye stoo amerudi. Nimeshindwa kulala siku tatu. Kila gari likipiga honi barabarani nasimama.

Jumamosi, 24 Julai

Joas alikuja gerejini saa nne. Alikuja polepole, kwa gia ya kwanza, peke yake. Akazima gari. Akashuka.

Elizabeti hajapanda gari tangu siku ile. Kanoni yote imeshamwona anakwenda sokoni kwa miguu, mume anamfuata nyuma na gari tupu. Amemwambia Joas kwamba alipokuwa anakusanya gauni apande, pale mlangoni pa kanisa, mkono wake ulipita karibu na gurudumu na gurudumu lilikuwa la moto. Gari lililolala nje saa mbili, kwenye ukungu. Akajua nilikuwa wapi. Amesema hapandi mpaka mimi Zakaria nifunge zile za lori.

Joas alisema yote haya akiangalia sakafu. Mwisho akasema, "Shemeji, naomba." Sikumjibu vibaya. Nilikuwa nimeandaa maneno wiki nzima na sikuyatumia.

Akanipa kifungu kidogo cha jani la mgomba. Buni za kutafuna, zile walizogawiwa wageni kanisani. Fungu la benchi la mbele. Elizabeti alilipokea kwa niaba yangu akalitunza.

Nimetafuna mbili wakati napigilia. Nyingine nimeweka mfukoni. Viatu vyote vinane nimevitundika ukutani kwenye msumari, juu, pasipofika samli ya mtu, mpaka nimalize kusafisha ngoma.